Thomas Seebeck, Mgunduzi wa Umeme wa Joto

Ukiingia jikoni katika fleti za Westlands au Lavington, mtazame anayewasha oveni ya gesi. Mara nyingi hubonyeza kitasa na kukishikilia kwa sekunde kadhaa, maana akikiachilia mapema, moto huzimika. Karibu na moto huo pana kijiti kidogo cha metali mbili tofauti. Kikipata joto hutoa umeme kidogo unaoishikilia vali ya gesi iwe wazi. Moto ukizimika, kijiti hupoa, umeme hukatika na gesi hufungwa. Umeme huo hautoki kwa nyaya za stima. Hutoka kwa moto wenyewe!

Aliyegundua ajabu hiyo ni Thomas Johann Seebeck. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1770 mjini Reval, ambao leo ni Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Babake, mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Kijerumani, alimhimiza asomee udaktari. Akahitimu Göttingen mwaka wa 1802. Lakini wapi! Kazi ya kutibu watu haikumvutia. Kwa kuwa mali ilikuwepo, alihamia Jena akazama katika fizikia, akawa na urafiki na mshairi Goethe, wakichunguza rangi pamoja.

Mwaka wa 1820, Ørsted wa Denmark alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme hugeuza mshale wa dira. Mwaka uliofuata, huko Berlin, Seebeck aliunganisha kipande cha shaba na cha bismathi kama pete, akaweka dira katikati. Akapasha moto kiungo kimoja. Mshale ukageuka, na hapakuwa na betri yoyote!

Basi hapo ndipo alipopotea njia. Yeye alishikilia kwamba joto limezifanya metali kuwa sumaku. Hata alidhani usumaku wa dunia yetu unatokana na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha zake. Ørsted aliona wazi kuwa ni umeme unaozunguka peteni, akaupa jina la umemejoto. Seebeck alikataa katakata.

Kusema kweli, ukaidi huo ulimpunja. Mzee huyu alikuwa amejaribu metali na mawe chungu nzima. Wataalamu wa karne ya 20 walipopiga hesabu, waliona kuwa kwa kuoanisha baadhi ya vitu hivyo angeweza kugeuza kama asilimia 3 ya joto kuwa umeme, karibu sawa na injini za mvuke za zama zake. Na mvuke, kumbukeni, ndio ulioleta reli hadi hapa Nairobi mwaka wa 1899.

Wengine walifaidika. Mwaka wa 1826 Georg Ohm, yule wa kanuni tunayokariri darasani, alichoshwa na betri zilizofifia upesi. Akatumia shaba na bismathi, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu.

Seebeck alifariki Berlin tarehe 10 Desemba 1831. Wanafizikia waliliita jambo hilo athari ya Seebeck, ingawa mwenyewe hakulikubali kuwa umeme.

Anayetaka kujionea, anunue waya wa shaba na wa chuma madukani River Road, asokote ncha za upande mmoja pamoja, zile nyingine aziunganishe na galvanometa ya maabara, kisha awashe mshumaa.