Antigonus Mwenye Jicho Moja (382–301 K.K.)

Alexander Mkuu alipofariki mjini Babeli mwaka 323 K.K., hakuacha mrithi aliyeweza kutawala. Ndugu yake wa baba alikuwa na upungufu wa akili, na mwanawe alikuwa bado tumboni. Majemadari waligawana majimbo, kisha wakaanza kupigana wao kwa wao. Aliyekaribia zaidi kuitwaa himaya yote alikuwa Antigonus, gavana wa Frigia (katika Uturuki ya leo) tangu mwaka 333 K.K.

Mpinzani wake mgumu alikuwa Eumenes. Walipopambana Gabiene, nchini Uajemi, wapanda farasi wa Antigonus waliteka mizigo ya adui, pamoja na wake na watoto wa askari wakongwe wa Eumenes. Wakongwe hao wakamtoa jemadari wao ili warudishiwe familia zao. Antigonus akamuua. Kwa maoni yangu, mizigo ile ilimfaa kuliko mikuki yake yote.

Mwaka 306 K.K. alijitangaza mfalme pamoja na mwanawe Demetrius. Kwa kuhofia kumezwa, Seleucus, Lysimachus, Cassander na Ptolemy waliungana dhidi yake. (Mtahiniwa, angalia: Ptolemy alikuwa katika muungano, lakini hakupigana Ipsus.) Huko Ipsus, mwaka 301 K.K., Demetrius aliwafukuza wapanda farasi wa adui mbali mno, na tembo wa Seleucus wakamzibia njia ya kurudi. Antigonus, mzee wa miaka 80 hivi, aliendelea kumngoja mwanawe uwanjani mpaka akauawa kwa mikuki.