ZHENG HE: BAHARIA ALIYEKOSA KABURI

Wengi wetu tukisikia Malindi twamkumbuka Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga huko mwaka wa 1498. Kumbe miaka themanini hivi kabla yake meli za Wachina zilikwisha kufika! Mkubwa wa meli hizo aliitwa Zheng He, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Zheng He alizaliwa mwaka wa 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina. Jina lake la kwanza lilikuwa Ma He. Jamaa zake walikuwa Waislamu. Baba yake na babu yake wote walikuwa wamehiji Makka. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, jeshi la wafalme wa Ming liliivamia Yunnan. Baba yake akafa, naye akatekwa. Hebu fikirini, mtoto wa kiasi cha darasa la nne! Kisha akahasiwa, kama walivyofanyiwa watumishi wengi wa jumba la mfalme siku zile. Tangu hapo ikawa hatazaa maisha yake yote.

Akapelekwa kumtumikia Zhu Di, mmoja wa wana wa mfalme. Huko alijifunza vita na uongozi, akaaminiwa. Zhu Di alipotwaa ufalme mwaka wa 1402 na kujiita Yongle, hakumsahau mtumishi wake. Mwaka wa 1404 alimpa jina la ukoo la Zheng, na mwaka uliofuata akamkabidhi msafara wa meli uliokuwa na watu zaidi ya 27,000. Sisi wa Sori tuliozoea mashua za omena zenye watu wanne watano, hesabu hiyo yatutia kizunguzungu!

Kati ya mwaka wa 1405 na 1433 misafara hiyo ilitoka mara saba. Ilifika Java, Sri Lanka, Bara Hindi, Hormuz na Arabuni. Safari ya tano, ya 1417 hadi 1419, ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Wajumbe wa Malindi walikuwa wamempelekea mfalme twiga mwaka wa 1415, na Wachina wakamfananisha na mnyama wa baraka wa hadithi zao.

Zheng He hakudharau dini ya mtu. Huko Galle, Sri Lanka, kuna habari ya jiwe lake la mwaka wa 1409 lenye maandishi ya Kichina, Kitamil na Kiajemi. Ndani yake anatajwa Buddha, mungu wa Wahindu na Mwenyezi Mungu wa Waislamu, kila mmoja na sadaka zake.

Wanahistoria wengi wanaamini kwamba alikufa mwaka wa 1433, safari ya saba ikirejea, akazikwa baharini. Liko kaburi lake Nanjing, lililojengwa upya mwaka wa 1985, lakini yasemekana ni tupu. Kwetu, mtu akizama ziwani na maiti isipatikane, wazee huzika tunda la yago mahali pake, maana asiye na kaburi huhesabiwa amepotea. Na mtoto je? Zheng He alimchukua mwana wa kaka yake akamfanya wake. Wajaluo twaelewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Basi, je, alipotea? La! Mjini Semarang, kisiwani Java, ambako watu wengi ni Waislamu, pana hekalu la Kichina liitwalo Sam Poo Kong. Humo huheshimiwa yeye, Mwislamu. Papo hapo pana kaburi linalosemekana ni la nahodha wake, na Waislamu wa Java huja kuliombea dua bega kwa bega na Wachina.

Hapa Kenya nami nilijionea kidogo, chama chetu kilipozuru pwani. Kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, tuliingia katika makaburi ya zamani ya Waislamu. Tulivua viatu, tukamwamkia mzee aliyetutembeza. Alituonyesha kaburi la nguzo iliyoanguka, iliyopachikwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Nilidhani ni zawadi za Zheng He, lakini mzee akatueleza kwamba zililetwa na biashara, iliyokuwapo kabla yake na ikaendelea baada yake. Nilisimama pale nikiwaza: Mwislamu wa Mambrui amepambiwa kaburi kwa bakuli za Mchina, na Mchina wa Semarang afukizia ubani jina la Mwislamu.

Wanafunzi wenzangu, Zheng He alinyang'anywa baba, kwao na uzazi angali mtoto. Alichobaki nacho ni kazi yake na heshima aliyowapa wageni, na hivyo viwili vimemtunzia jina karibu miaka mia sita. Wahenga hawakukosea: jina jema hung'ara gizani.