Paracelsus, daktari wa wachimbaji aliyetuachia swali la dozi

Kila tunapofanya kipindi cha afya kuhusu machimbo, kutoka Guta hurudi swali lile lile. Vumbi kidogo tu la karasha pale Kinyambwiga, au zebaki kiganjani mara moja kwa wiki, vina madhara gani? Aliyelitafakari swali hilo mapema kuliko wengi ni daktari aliyefariki karibu miaka 500 iliyopita, naye alikulia kati ya wachimbaji.

Jina lake halisi ni Theophrastus von Hohenheim. Alizaliwa mwaka 1493 huko Einsiedeln, Uswisi. Baba yake alikuwa daktari, na mtoto alipofika miaka tisa hivi walihamia Villach, katika Austria ya leo, mji uliozungukwa na migodi. Ujanani alifanya kazi kwenye migodi ya fedha ya Schwaz, akaona kwa macho yake vifua vinavyokohoa.

Mwaka 1527 alipewa kazi ya udaktari wa mji wa Basel, baada ya kuutibu mguu wa mchapishaji maarufu Johann Froben. Akafundisha kwa Kijerumani badala ya Kilatini, na akatupa motoni hadharani kitabu cha tiba ambacho wenzake walikiheshimu mno. Hakudumu hata mwaka. Kiongozi mmoja wa kanisa alikataa kumlipa ada ya matibabu, kesi ikaenda kwa wakubwa wa mji, Paracelsus akashindwa, akawatukana, kisha ikabidi akimbie. Kwa kweli, kuishi naye jirani kungekuwa na kazi.

Wakati huo kaswende ilitibiwa kwa zebaki nyingi mno, na wagonjwa walidondoka meno, wengine wakafa. Yeye pia aliitumia zebaki, lakini kwa kipimo. Wapinzani wakamwita mtoa sumu. Mwaka 1538 aliandika utetezi wake: kila kitu kina sumu ndani yake, na kinachoamua kama kitadhuru ni kiasi.

Kabla ya hapo, yapata 1533, alikuwa ameandika kitabu kuhusu ugonjwa wa wachimbaji. Hakuwalaumu mizimu wa milimani. Aliulaumu mvuke wa madini unaoingia mapafuni siku baada ya siku. Alifariki Salzburg mwaka 1541 akiwa na miaka 47, na kitabu kikachapishwa 1567.

Mwaka 1879 madaktari wawili walionyesha kwamba ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukiwamaliza wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, ulikuwa saratani. Kwenye saratani ndipo kanuni yake inapopata shida. Kwa sumu nyingi, mwili humudu hadi kiwango fulani. Kwa kemikali zinazoharibu vinasaba vya seli, wataalamu kwa kawaida huchukulia kwamba hakuna kiwango kisicho na hatari kabisa.

Wanakadiriaje? Huwahesabu watu waliopata dozi kubwa, au wanyama wa maabara, kisha huchora mstari kushuka hadi sifuri. Tuseme dozi kubwa inaleta saratani kwa watu 10 kati ya 1,000. Dozi ndogo mara mia itakadiriwa kuleta mgonjwa mmoja kati ya 10,000. Kwa mtu mmoja hilo ni dogo. Kwa wakazi 100,000 ni wagonjwa 10, na hakuna daktari atakayeweza kuwanyooshea kidole, kwa sababu wamechanganyika na wagonjwa wengine wa kawaida. Ndiyo maana mstari huo ni makadirio, wala si hesabu ya makaburi.

Turudi Kinyambwiga. Zebaki hasa huharibu mishipa ya fahamu na figo. Mtu anayechoma dhahabu bila kujikinga anaweza kuanza kutetemeka mikono. Kinachohusishwa zaidi na saratani ni vumbi la mawe yenye silika, ambalo shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka mwaka 1997 kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika. Wataalamu bado wanabishana kama vumbi hilo lina kiwango cha chini kisichodhuru. Wasichobishania ni kwamba dozi yake huhesabiwa kwa miaka: kijana anayeanza karasha na miaka 18 atakuwa amevuta vumbi miaka 20 akifika 38. Kulowanisha mawe kabla ya kusaga hupunguza vumbi hilo sana, na maji ya kulowanishia hapa ziwani yapo.