Sabine, jamaa aliyesikiliza chumba kwanza

Umehamia Fedha, ukapata keja ya chumba kimoja kwenye ghorofa ya tatu, na wufa mpya umeibana kwenye kona. Ukikaa kitini besi haipo. Ukisogea ukutani inavuma kama mat ya Embakasi. Jirani wa chini naye ameshaanza kugonga dari na ufagio. Wazo linalokujia ni kuiuza ununue kubwa zaidi. Kabla hujatuma pesa, mjue Wallace Clement Sabine. Huyu ndiye aliyeonyesha kwa hesabu kwamba unachosikia si chombo peke yake, ni chombo pamoja na chumba.

Sabine alizaliwa Juni 13, 1868, katika mji mdogo wa Richwood, jimbo la Ohio, Marekani. Masomo hayakumsumbua. Alihitimu Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1886 akiwa na miaka 18 tu, kisha akaenda Harvard kusomea fizikia na akabaki huko kama mwalimu.

Mwaka 1895 Harvard ilifungua jumba la makumbusho la Fogg. Ukumbi wake wa mihadhara ulikuwa na shida moja kubwa: neno moja la mwalimu lilivuma kwa zaidi ya sekunde 5, na kabla halijaisha, mengine yalikuwa yamelipanda juu. Wanafunzi walitoka bila kuambulia kitu. Rais wa chuo, Charles Eliot, akamtwika Sabine mzigo huo. Alikuwa na miaka 27, na sauti haikuwa taaluma yake.

Vifaa vyake? Bomba moja la kinanda cha kanisani, saa ya kupimia sekunde, na masikio yake. Mchana kulikuwa na kelele, kwa hivyo alifanya kazi kuanzia usiku wa manane hadi karibu alfajiri. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka Sanders Theatre, ukumbi mwingine wa chuo, wakaipanga Fogg, wakapuliza bomba na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Kabla ya asubuhi mito ilirudishwa. Usiku uliofuata, tena. Aligundua kwamba hata nguo alizovaa zilifyonza sauti, akatupa vipimo vingi na kuanza upya akivaa nguo zilezile kila mara.

Mwaka 1898 fomula ikapatikana. Chumba kikiwa kikubwa, mwangwi hudumu zaidi. Vitu vinavyofyonza sauti vikiongezeka, mwangwi hupungua. Kwa hesabu hizo alisaidia kupanga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa Oktoba 15, 1900. Wakosoaji wengine walinung'unika mwanzoni, lakini leo unahesabiwa miongoni mwa kumbi bora zaidi za muziki duniani.

Halafu kuna kazi yake ya 1906, na hapa ndipo inaingia kwako Fedha. Alionyesha kwamba vitu havifyonzi sauti zote sawasawa. Pazia na zulia jembamba hula sauti kali za juu, lakini besi hupita tu. Kwa hivyo kujaza kuta sponji nyembamba hakutakuokoa.

Besi ya mitetemo 57 kwa sekunde ina wimbi la mita 6 hivi. Chumba chako kikiwa na urefu wa mita 3, nusu ya wimbi inatosha kabisa kutoka ukuta hadi ukuta. Matokeo yake, besi hiyo hufifia katikati ya chumba na kujaa ukutani. Ndiyo maana kiti chako kimekauka.

Sasa fanya alivyofanya yeye: jaribu, sikiliza, rudia. Toa kiti katikati ya chumba. Weka wufa pale unapokaa, cheza wimbo unaoujua vizuri, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma, hapo ndipo mahali pa wufa. Iwekee mpira mnene chini ili mtikisiko usiingie sana kwenye sakafu. Besi ikiwa safi, hutahitaji kuongeza sauti. Jirani atalala, na kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele hazitakuhusu.

Sabine mwenyewe hakuwahi kusikia wufa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijitwika kazi nyingi za kijeshi, zikiwemo za ndege, Ufaransa na nyumbani, huku mwili ukidhoofika. Alifariki Januari 10, 1919, baada ya upasuaji, kutokana na maradhi ya figo. Alikuwa na miaka 50. Spika ya aina iliyo ndani ya wufa yako ilikuja miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1920. Lakini hadi leo, kipimo cha ufyonzaji wa sauti huitwa sabin, na wajenzi wa studio na kumbi bado wanaanza na fomula yake. Chumba kwanza, pesa baadaye.