Seyyid Barghash: Sultani Aliyepimiwa Shamba Lake

Hebu fungua ramani ya Kenya. Weka kidole pale Vanga pwani, kisha ufuate mpaka wetu na Tanzania kuelekea magharibi. Utaona mstari umenyooka kama uliopigwa rula, ukifika mlima Kilimanjaro unajikunja, halafu unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Tulipokuwa shule ya msingi tuliambiwa ati malkia wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake wa Ujerumani mlima huo siku yake ya kuzaliwa. Mimi niliamini kwa miaka mingi. Kumbe porojo tupu! Mstari ule ulitokana na mapatano ya mwaka 1886, na huyo mjukuu alikuja kuwa mfalme mwaka 1888. Mtu aliyeumia katika mapatano hayo ndiye ninayetaka kuwasimulia, naye ni Seyyid Barghash bin Said wa Unguja.

Alizaliwa mnamo mwaka 1837, mwana wa Seyyid Said, yule aliyetawala Omani na Unguja kwa pamoja. Oktoba 1856 mzee alifariki baharini akitoka Omani, na Barghash alikuwa naye ndani ya jahazi hilo. Basi hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Ndugu mmoja, Thuwaini, alikuwa Omani. Mwingine, Majid, alikuwa Unguja. Kila mmoja alishika alipokuwa, na Thuwaini akadai alipwe na Majid riale 40,000 kila mwaka. Walipokaribia kupigana, Waingereza waliingia katikati kama wasuluhishi. Mwaka 1861 mkubwa wao wa India, Lord Canning, aliamua Omani na Unguja ziwe nchi mbili mbali mbali, na Unguja iendelee kulipa zile riale. Nchi ya baba ilikatwa vipande viwili na mgeni, tena kwa kuombwa.

Barghash mwenyewe hakuwa mtoto mtulivu. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid akisaidiwa na dada zake, Khole na Salme. Salme ndiye aliyekuwa akiandika barua za siri, kwani alijua kuandika. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi. Mkumbuke huyu Salme, atarudi tena katika habari hii.

Majid alikufa Oktoba 1870 na Barghash akakalia kiti. Hakupata hata nafasi ya kupumua. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha meli zake. Mwaka uliofuata Waingereza walimshurutisha kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, soko la watumwa likafungwa. Hapo mimi simwonei huruma. Utajiri wa Unguja ulikuwa umejengwa kwa migongo ya watu waliotolewa bara kwa minyororo, na Barghash alikubali akiwa hana njia nyingine. Lakini mambo mema alifanya pia. Alileta maji safi ya mabomba mjini, na mwaka 1883 akajenga lile jumba kubwa liitwalo Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Sasa tuje kwenye mipaka, maana ndiko uhondo uliko.

Mwaka 1875 Barghash alikwenda kutembelea Uingereza. Mwaka huo huo, Khedive Ismail wa Misri alituma manowari kuja Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa ikipeperusha bendera nyekundu ya Unguja. Askari wa Misri walishuka, wakaishusha bendera ile, wakapandisha yao. Ajabu ni kwamba aliyeongoza manowari hizo za Misri alikuwa Mwingereza, kwa jina McKillop! Barghash alikimbilia kwa konsuli wa Uingereza pale Unguja, John Kirk. London ikamkaripia Khedive, na baada ya miezi michache Wamisri wakafunga virago wakaenda zao. Barghash alipata miji yake bila kufyatua risasi hata moja.

Nadhani siku hiyo ndiyo iliyomponza. Tangu hapo alimwamini Kirk kama mtu anavyomwamini mzee wa kijiji. Kukitokea neno, twende kwa Kirk.

Neno likatokea kweli. Mwishoni mwa 1884 Mjerumani mmoja aitwaye Carl Peters alipenya bara na wenzake, akawatilisha sahihi machifu wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake. Barghash alipopata habari alilalamika kwa simu ya maandishi kwa mfalme mwenyewe. Akamtuma pia jemadari wake, Mwingereza Lloyd Mathews, hadi Kilimanjaro, na machifu wa kule wakakubali kuwa watu wa Sultani. Majuma machache tu baadaye Mjerumani mwingine akafika, na Mandara wa Moshi akatia sahihi ya Wajerumani pia! Mandara alijua kucheza na wageni, mimi nilicheka niliposoma.

Huku kaskazini kulikuwa na jirani aliyemchukia Barghash. Huyu ni Ahmed, aliyeitwa Simba, Sultani wa Witu, wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate zamani. Alikuwa amekimbilia Witu, bara ya Lamu, kwa kukataa utawala wa Unguja. Aprili 1885 aliwapa ardhi ndugu wawili wa Kijerumani, akina Denhardt, na mwezi uliofuata Ujerumani ikamkubali kuwa chini ya ulinzi wake. Barghash alipotaka kumrudi kwa askari, alikatazwa. Yaani masultani wawili waligombania mpaka, na kila mmoja akaita mzungu wake.

Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilitia nanga mbele ya jumba la Barghash, mizinga ikitazama madirisha. Na unajua nani alikuja na Wajerumani hao? Salme! Alikuwa ametoroka Unguja mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, sasa ni mjane, na serikali ya kule ilimtumia kama fimbo ya kumtishia kaka yake. Barghash alimgeukia Kirk. Safari hii Kirk alikuwa amepewa amri na London asiwaudhi Wajerumani, na ni yeye aliyemshauri Sultani akubali. Akakubali.

Kisha ikaundwa tume ya kupima nchi ya Sultani. Mwingereza alikuwa Kitchener, Mjerumani alikuwa Schmidt, Mfaransa alikuwa Patrimonio. Mwenye shamba hakupewa kiti. Walipita pwani mji kwa mji wakitafuta: hapa kuna liwali? Kuna askari? Kuna bendera? Penye liwali na askari, ni pa Sultani. Pasipo nao, basi. Lakini utawala wa Barghash bara haukuwa wa namna hiyo. Ulikuwa wa misafara, barua, na machifu waliomheshimu kwa sababu ya biashara.

Hapa niseme jambo la nyumbani. Mwaka jana babu yangu alizozana na jirani juu ya mpaka wa chai. Babu alisema kila mtu anajua mti wa mpaka ulikuwa wapi. Mpima ardhi alipokuja, hakuuliza kila mtu anajua nini. Aliuliza karatasi. Mti wenyewe ulikatwa zamani, na wazee waliouona wamekufa. Babu alipoteza mistari minne ya chai. Jioni hiyo alikaa nje bila kusema, na chakula alikirudisha. Niliposoma habari ya tume hii nilimwona Barghash akiwa amekaa hivyo hivyo.

Hata hivyo tusidanganyane. Wachaga na Wamasai nao hawakuulizwa, si na tume wala si na Sultani. Na sisi huku Kericho na Bomet? Mstari ule uliishia ziwani kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Nchi yetu iko kaskazini kidogo ya hapo, kwa hiyo ikaangukia upande wa Waingereza, miaka mingi kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa hapa.

Mapatano yalikamilika tarehe 1 Novemba 1886. Barghash aliachiwa visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka mpaka na Wareno hadi Kipini, na miji michache ya kaskazini kama Kismayu na Barawa. Witu ilithibitishwa kuwa ya Simba. Desemba Sultani akatia sahihi. Mapema mwaka 1887 Wareno nao wakauteka mji wake wa Tungi, kusini ya mto Ruvuma. Mei mwaka huo akawakodisha Waingereza wa kampuni ya Mackinnon pwani ya kaskazini. Machi 1888 akafariki, mgonjwa na mchovu, akiwa na miaka hamsini na kitu.

Ule ukanda wa maili kumi ulidumu kuliko yeye. Pwani yetu iliendelea kuhesabiwa kuwa ya Sultani kwa karatasi mpaka mkataba wa Oktoba 1963, ilipounganishwa na Kenya. Mjomba wangu ni taniboi wa lori linalopeleka majani chai Mombasa. Nilimuuliza kama amewahi kuona alama yoyote pale maili kumi zinapoanzia. Alifikiri kidogo, akaniambia anachojua yeye ni kwamba kuna mahali joto linaanza, dereva anavua sweta, na minazi inaonekana.