John Parsons: Fundi bila digrii aliyefunza mashine kufuata nambari

FUNDI wa Kariobangi Light Industries anayetaka kugeuza mashine kuukuu ya kuchonga chuma ili iongozwe na tarakilishi hukabiliwa na swali gumu kabla hajafungua kibeti: ni mota za aina gani zitakazoisogeza meza ya mashine hiyo, na zitaongozwa vipi?

Swali hilo ndilo lililobadili maisha ya John T. Parsons, mvumbuzi Mmarekani ambaye hakuwa na digrii ya uhandisi, lakini anayetambuliwa kuwa baba wa mashine zinazoongozwa kwa nambari, ambazo siku hizi huitwa CNC.

Parsons alizaliwa mjini Detroit, jimbo la Michigan, mnamo Oktoba 11, 1913. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Uswidi aliyemiliki kiwanda, na kijana huyo aliingia humo angali tineja. Ufundi aliujulia kazini, jinsi vijana wengi wa jua kali kule Kamukunji na Gikomba wanavyoujua.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alianza kutengeneza pangaboi za helikopta. Kazi hiyo haikuvumilia makosa. Moja ya pangaboi hizo ilipovunjika angani, rubani alipoteza maisha, na Parsons akalazimika kuchunguza upya namna zilivyoundwa.

Mnamo 1946 alimwajiri mhandisi Frank Stulen. Hadi wakati huo, umbo la pangaboi lilichorwa kwa kuunganisha alama 17 tu, na mkono wa fundi ndio uliokisia yaliyo katikati. Stulen alitumia mashine za hesabu za IBM, zilizosoma kadi zenye matundu, kukokotoa alama 200.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila utekelezaji ulikuwa mzito. Mtu mmoja alisoma nambari kwa sauti huku wengine wawili wakizungusha magurudumu ya mashine, kila mmoja upande wake. Hapo ndipo Parsons alipowaza kuwa nafasi ya watu hao ingeweza kuchukuliwa na mota, nazo nambari zikasomwa moja kwa moja kutoka kwa kadi.

Jeshi la Wanahewa la Marekani lilivutiwa na wazo hilo na kumpa kandarasi ya dola 200,000 mnamo 1949. Kwa kuwa hakuwa mjuzi wa mota za aina hiyo, aliomba usaidizi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), iliyokuwa na maabara maalumu ya mota za sevo.

Lakini mitazamo ilitofautiana. Parsons alitaka mashine iende hadi alama moja, ikate, kisha isogee hadi nyingine. Mabaki madogo yangesawazishwa kwa tupa. Wataalamu wa MIT walitaka pande zote zisogee kwa pamoja bila kusita, na kila mota irudishe habari kwa kidhibiti kuhusu mahali meza ilipofika hasa, ili kosa lirekebishwe papo hapo.

Mfumo huo ulikuwa bora, lakini gharama ilipanda mno. Hatimaye Jeshi lilianza kufanya kazi na MIT moja kwa moja, naye mwenye wazo akaachwa nje. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

MIT haikuunda mashine mpya. Ilichukua mashine ya kuchonga aina ya Cincinnati Hydro-Tel iliyokuwa ikiuzwa madukani, ikaivisha mota na makabati ya vifaa vyenye mamia ya vali. Ilionyeshwa kwa umma mnamo Septemba 1952, ikiongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu.

Hata hivyo, Parsons hakulala. Mnamo Mei mwaka huo, yeye na Stulen walikuwa wamewasilisha ombi la hataza, miezi mitatu kabla ya MIT. Walikabidhiwa hataza yao Januari 1958, na kampuni ya Bendix ikanunua haki za kuitumia.

Nao wenye viwanda walisita kununua mashine hizo kwa sababu ya bei na ugumu wake. Serikali ya Marekani ilibidi igharimie zaidi ya mashine 100 ili teknolojia hiyo isambae.

Hoja zilizowatenganisha Parsons na MIT zingali hai katika karakana za Eastlands. Mota ya stepa, ambayo ni nafuu, kwa kawaida hupiga hatua 200 kwa kila mzunguko. Ikizungusha skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila hatua ni milimita 0.025. Inatosha kwa mbao au alumini. Udhaifu wake ni kwamba ikilemewa hupoteza hatua, na kidhibiti hakitajua; kazi itaharibika kimyakimya.

Mota ya sevo yenye kipima-mzunguko hujua ilipo na hujirekebisha, hivyo inafaa kukata chuma kigumu kwa kasi. Hata hivyo, ni ghali zaidi na huhitaji kurekebishwa kwa ustadi. Aidha, skrubu ikiwa imelika na kulegea, fedha zitumike kwanza kuibadilisha, kwani hakuna mota itakayoziba pengo hilo.

Heshima ilimfikia Parsons uzeeni. Mnamo 1985, yeye na Stulen walitunukiwa Nishani ya Kitaifa ya Teknolojia ya Marekani, na mnamo 1993 jina lake likaingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi.

Alifariki mnamo Aprili 18, 2007, akiwa na umri wa miaka 93, mjini Traverse City, Michigan, mji ambako pangaboi zake zilikuwa zimeundwa.