Kakungulu Yule Mwingine



Ndugu zangu, nilipotoka nyumbani Jinja kuja kusoma Mbale, nilisikia jina la Kakungulu nikadhani anatajwa Mwanamfalme Badru Kakungulu, kiongozi mashuhuri wa Waislamu wa Uganda. Kumbe ni Semei Kakungulu, Mganda aliyeuanzisha mji huu.

Semei alikuwa jemadari wa Waprotestanti katika vita vya dini vya Buganda, akapigana na Waislamu waliomuunga mkono Kalema. Baadaye aliwatekea Waingereza nchi ya mashariki, akitumaini kupewa ufalme. Hawakumpa. Mwaka 1906 walimpeleka Busoga kuwa rais wa Lukiiko, na mwaka 1913 akarudi Mbale.

Biblia nzima ilikuwa imetoka kwa Kiganda tangu 1896, naye akaisoma mwenyewe. Huko Ulaya, Erasmus alichapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 ili wasomi warejee kwenye maandiko yenyewe. Semei hakujua Kigiriki wala Kiebrania, lakini alikuwa na kiu hiyohiyo. Kwanza alifuata dhehebu la Malaki, lililokataa dawa na kuitukuza Jumamosi. Kisha akaona kwenye Torati amri ya tohara aliyopewa Nabii Ibrahimu. Wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akatengana na Wamalaki. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jamaa aliyoianzisha, Abayudaya, ipo hapa Mbale mpaka leo.

Sikubaliani na alikofikia. Sisi tumefundishwa kwamba anayejifasiria kitabu bila elimu na bila mwalimu yumo hatarini. Hata hivyo mtu huyu ananitia haya. Nimehifadhi juzuu kadhaa tangu madrasa, na aya nyingi ninazisoma katika sala bila kujua zinaniamuru nini. Yeye alipoielewa amri moja aliitenda, ingawa ilimpotezea wenzake.

Muhula huu nimeanza kusoma tafsiri pamoja na ustadhi, aya chache kila baada ya Alfajiri. Anayetaka tusome pamoja, karibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuwezeshe kuitenda. Amin.